Mkono wa Tarishi

Eleuterio amestaafu posta, Valdivia,
mji ambao mvua haipigi hodi, huingia tu.
Miaka thelathini na mmoja ya barua
na makovu manne kwenye miundi,
kila kovu na mtaa wake.

Sasa afuga mbwa. Canela, rangi ya mdalasini,
kaokotwa nyuma ya soko la samaki.
Mkono ukiinuka, hata wa kujikuna,
yeye keshajipenyeza chini ya jiko.

"Fimbo ndiyo mwalimu," asema jirani Baldomero.
Mzee akata soseji, vipande kama ukucha,
aketi sakafuni, magoti yakilalama,
atazama dirisha kana kwamba hana haja.

Siku ya tatu, pua.
Siku ya tisa, makalio yagusa zulia:
"Ndiyo!" na kipande, papo hapo,
kabla furaha haijapoa.

Siku ya kumi atafuna kiatu.
Nani alikiacha chini?
Kiatu chahamia juu ya kabati.

Leo kengele: tarishi mpya, kijana, kalowa chepechepe.
Canela aketi. Amtazama mzee, si mlango.
Mzee apapasa mfuko: soseji zimekwisha.
Ainua mkono mtupu.

Canela ausogelea.