Mali Namba 4417

Kila Juni, mwaka wa fedha unapokata roho,
nazunguka chuo kizima, rejesta kwapani,
kikopo cha rangi nyeupe mkononi,
nahesabu:
viti vya plastiki mia tatu na kumi na viwili,
vinane vimevunjika miguu;
projekta nne, moja haioni;
jenereta moja, inakohoa lakini inafanya kazi.
Kila kitu nakipa namba na hali yake,
kisha nakikata uchakavu,
asilimia kumi na mbili na nusu,
maana ndivyo tunavyofundisha hapa Moshi:
kitu kikishanunuliwa, huanza kufa.

Halafu nafika kwake.

Amekaa kati ya maktaba na kantini,
mwanamke wa chuma, mchambua kahawa,
miguu kainyoosha mbele
kama walivyokaa wenzake kwenye sakafu ya ghala.
Mgongo wake ni gia za mashine ya kukobolea,
shingo ni springi ya lori,
khanga yake ni bati lililopigwa nyundo
mpaka likasahau kwamba lilikuwa paa.
Uso hana.
Kamati ilimuuliza Fundi Ndekirwa wa Pasua,
"Mbona hana uso?"
Akajifuta jasho kwa kiwiko:
"Kwani mlimtazama lini usoni?"
Kamati ikahamia ajenda nyingine.
Najua, mimi ndiye niliyeandika muhtasari.

Nakiri: mwaka wa kwanza nilimwandika
"chuma chakavu, kilo mia mbili themanini, makadirio."
Manyunyu yalikuwa yanalowesha karatasi,
mlima umejifunika gubigubi,
nami nilitaka chai.
Mwaka wa pili niliandika "sanamu, moja,"
safu ya thamani nikaiacha wazi.

Mwaka wa tatu kisigino cha kiatu kiling'oka
hatua mbili kutoka kwake.
Nikakaa chini, kwenye zege lake.
Si kwa mapenzi. Kiatu tu.
Ndipo nilipoona kile asichokiona mtu aliyesimama:
kidole gumba na cha shahada cha mkono wa kulia
vimekaribiana, havijagusana.
Kati yao pana upenyo.
Bega limeinamia upenyo huo,
shingo imeuelekea,
chuma chote kile, kilo zote zile,
zinasubiri kitu ambacho hakipo.
Nikachomeka kidole changu kidogo, kikakataa.
Punje ya buni ingepita.

Mama yangu alichambua misimu kumi na tisa.
Alitambua punje mbovu
kwa mlio wake ikianguka kwenye ungo.
Hata usingizini, mkono juu ya blanketi,
vidole vyake viliacha nafasi hiyo hiyo.
Sikuwahi kumuuliza.
Nilidhani ni baridi yabisi.

Tangu siku hiyo napita kwake hata pasipo hesabu.
Goti lake la kulia linang'aa kuliko sufuria mpya:
wanafunzi hulisugua kabla ya mtihani wa takwimu,
na waliofeli husema hawakusugua ipasavyo.
Kiganjani mwake nimekuta vifuniko vya kalamu,
ganda la ndizi (nililitoa),
maji ya mvua yenye wingu ndani.
Macho hana, lakini chozi analo:
kijidege cheusi chenye kifua chekundu,
kimetundika kiota kwenye springi ya shingo,
na akipita mtu kinamfokea.

Mwaka huu, safu ya thamani niliijaza.
Kiasi sikitaji. Kilikuwa kimepanda.

Mkaguzi kutoka Dodoma akaweka kidole pale.
"Bi Elinami, hapa umekosea. Vitu havipandi."
Nikamwambia, twende.
Alimzunguka mara moja, faili mgongoni,
viatu vyake vikikwepa matope.
Akamzunguka tena.
Kisha akapandisha suruali kidogo magotini,
akachuchumaa,
akanyamaza muda wa kutosha chai kupoa.
Sikumwonyesha vidole.

Aliporudi mezani aliweka tiki ya wino wa kijani,
hakusema neno.
Ila kabla hatujaondoka pale, akidhani simwoni,
alilisugua goti.

Nilikuwa nahesabu madirisha.