Kwa Kauli Moja

Miaka kumi na mmoja nimeandika mihtasari
ya chama chetu cha warina asali, Ipole,
na kila ukurasa, chini, kabla ya sahihi,
maneno yaleyale matatu: kwa kauli moja.
Kalamu ilishayakariri. Ningeweza kusinzia.

Nani angepinga? Viti saba,
na wote saba watu wa mizinga ya msituni.
Tulinyoosha mikono, kiti kwa kiti,
na kwa kila kiti wengi ni walewale wengi.
Wasafirishaji wakabaki na baiskeli zao nje ya ghala,
wanawake wa nta wakabaki na masufuria.
Hakuna aliyeiba. Hesabu ilikuwa sahihi kabisa,
na hilo ndilo lililonikera.

Mwaka huu afisa ushirika akaja kutoka Sikonge,
chaki mfukoni. Akasema: pigieni orodha, si mtu.
Mzinga. Baiskeli. Mshumaa.
Karatasi moja, alama moja,
na katoni ya sabuni iliyotobolewa juu.

Tukahesabu usiku kucha? Hapana, saa moja tu.
Mzinga, mia mbili arobaini na nane.
Baiskeli, mia moja thelathini na moja.
Mshumaa, hamsini.

Mgeleka akasimama: "Tumeshinda. Mnagawanya nini tena?"

Afisa akachora safu tatu ubaoni.
Mwenye nyingi achukue kiti.
Akishachukua, kura zake zigawanywe kwa mbili;
akipata tena, kwa tatu; tena, kwa nne.
"Sinia ni moja," akasema. "Aliyekwisha kumeza tonge
hafukuzwi. Anasogea nyuma kidogo."

Cha kwanza Mzinga. Cha pili Baiskeli.
Mzinga, Mzinga. Baiskeli.
Mzinga tena, cha sita, na watu wake wakapiga vigelegele.

Kikabaki kimoja.
Mia mbili arobaini na nane kwa tano:
kikokotoo changu cha jua kikafifia mle ghalani,
nikatoka nacho hadi mlangoni, mwanga ukakiamsha.
Arobaini na tisa, nukta sita.
Mshumaa, haujagawanywa bado: hamsini.

Nukta nne. Si mtu mzima hata.
Ingepungua karatasi moja, kiti kingekwenda msituni
pamoja na vile vingine.
Na mimi, niliyezikunjua zote, naikumbuka moja
yenye doa la nta pembeni, bado laini.
Niliifunika haraka chini ya nyingine.
Kura ni siri, hata nta ikitaka kusema.

Msidhani nawauzia dawa.
Waliopigia Mshumaa walimtaka Kalunde, asiyenyamaza;
lakini jina lake lilikuwa la pili, na kiti ni kimoja.
Akaingia Nyanzala, mpole, wa kwanza kwenye orodha
iliyopangwa uani kwa shemeji yake.
Kalunde akajifunga kanga upya, akaondoka bila kuaga.
Na Mzinga bado ni wanne kati ya saba.
Wanne ni wanne.

Kikao cha kwanza, Jumanne. Hoja:
malipo ya kukamua nta yapunguzwe, msimu umekuwa mbaya.
Mikono minne ikapanda.
Igonko wa Baiskeli akamtazama mwenzake
(walikuwa wameahidiwa matairi),
ikapanda miwili.
Nyanzala mikono yake aliiacha mapajani,
mekundu kwa moto, ameikunja kama nguo iliyofuliwa.

"Imepita," Mgeleka akasema. "Katibu, andika."

Kalamu ikaondoka yenyewe: kwa kau
Nikakata.
Nikaandika: sita wameafiki, mmoja amepinga.

"Mmoja nani?" akauliza Nyanzala.
Hatukuwahi kumsikia sauti.
"Mmoja hana jina? Liandike lote."

Akavuta kiti chake karibu na daftari,
akasimamia kila herufi,
Nyanzala Kapembe,
mpaka nilipoweka nukta.