Kitafute Kiti kwa Mguu

Daktari alinishona ngiri siku ya Jumanne,
akasema: suruali hapana, wiki tatu.
Nikapanda ngazi za Kadutu mkono kiunoni,
hatua moja, pumziko, hatua moja,
kama aliyebeba sufuria ya uji wa moto.

Nsimire akafungua sanduku lake.
Akapita vikwembe vya harusi, akapita cha msiba,
akatoa kile cha kuku:
kuku wa manjano juu ya bluu, kila kuku na mayai sita.
Akanizungushia mara mbili, akachomeka ncha
ubavuni, mbali na kidonda.
"Haya," akasema. "Sasa kaa."

Nilidhani najua kukaa.
Miaka ishirini na miwili ya uashi
nimekaa juu ya matofali, juu ya mifuko ya saruji,
juu ya kuta zisizokauka bado,
goti moja likielekea ziwani, jingine sokoni,
na hakuna aliyenisema.
Suruali ilikuwa ikinifichia ujinga.

Nikajitupa kigodani.
Kuku wakatawanyika.
Mugoli, binti yangu wa miaka tisa, akainua macho
akaanza kuhesabu misumari ya mabati.
"Baba," akasema, kwa sauti ya mwalimu mwenye huruma,
"tunaona mpaka ng'ambo ya Ruzizi."

Ndiye aliyenifundisha. Alisimama mbele yangu
na kikwembe cha mwanasesere wake.
Usikiangukie kiti, Baba. Kitafute kwanza
kwa nyama ya mguu, ujue kipo.
Mkono upite nyuma, ulainishe nguo chini ya mapaja,
isibaki nje kama ulimi wa mbuzi.
Halafu shuka. Polepole, una nyuzi.
Magoti yakisalimiana yasiachane,
na kile kitambaa kinachozidi katikati
kifiche, kama Mama anavyoficha nauli.
Nikauliza: na miguu?
Akafikiri.
"Miguu iende pamoja. Popote, lakini pamoja."

Jumapili mama mkwe akafika kutoka Walungu
na kuku mzima kwapani.
Mbele ya mama mkwe mwanaume husimama,
lakini mimi kusimama kulikuwa kunanipasua.
Nikatafuta kiti kwa mguu. Nikalainisha. Nikashuka.
Kuku wake akawatazama kuku wangu.
Yeye akatazama magoti, si uso,
kwa muda mrefu, kama anayekagua msingi wa nyumba.
"Amekaa vizuri," akamwambia binti yake, kana kwamba sipo.
"Wewe nilikupiga mara ngapi kabla hujajua?"

Wakacheka wote wawili. Nsimire alicheka kidogo,
mkono wake mmoja ukiwa pajani, palepale,
ukishikilia nguo ambayo haikuwa inakwenda popote.

Usiku sikulala. Kidonda, nilisema.
Nilikuwa nauhesabu ule mkono.
Sokoni Nyawera, juu ya kigoda nilichompigilia
kwa mabaki ya mbao, kifupi mno, sikumuuliza;
anapima sambaza kwa mkono mmoja,
anarudisha chenji kwa huohuo,
na ule mwingine yuko nao zamu.
Juu ya pikipiki, upande. Kwenye matanga, chini.
Mkono mmoja, tangu alipopigwa.
Ningejenga ukuta gani mimi
kwa mkono mmoja?

Wiki ya nne nilivaa suruali.
Kabla ya kwenda kazini nilikata kigoda kipya,
nikampima Nsimire kwa kamba, kutoka kisigino hadi gotini,
akaniuliza kama nimechanganyikiwa.

Kule kwenye jengo, saa sita, tulipumzika.
Nikaenda kwenye mifuko yangu ya saruji,
na kabla sijakaa, mkono ukapita nyuma wenyewe,
ukalainisha upepo.

Murhula, kijana wa kuchanganya zege, akaniona.
"Fundi, umepoteza kitu?"

Nikakaa. Magoti pamoja.
"Lete maji," nikamwambia.