Saa Ngapi, Dada?

Fundi saa Dezső Bárkányi alijaza fomu ya simu
mwaka ule binti yake alipokwenda kusoma Szeged.
Karani wa shirika akagonga muhuri mara tatu,
akasema: foleni ni ndefu, ndugu, lakini inatembea.

Ilitembea miaka kumi na saba.
Binti akahitimu, akaolewa, akaachika,
akarudi na masanduku mawili kwenye chumba kilekile,
na ukuta wa jikoni bado ulikuwa na tundu
alilolitoboa baba yake mapema, la kupitishia waya.

Mimi nilikuwa kwenye ubao wa kuunganishia, zamu ya usiku.
Mji mzima ulipita katika vidole vyangu:
bei ya nguruwe, mimba, msiba wa Debrecen,
padri aliyempigia dada yake kila Alhamisi
wakanyamaza pamoja dakika tatu, na kuzilipia.
Tulikuwa mali ya serikali, viti, kamba na koo zetu.
Hata ukimya ulikuwa na wa kuusikiliza.

Subira huvuta heri, wasema. Ya Dezső ilivuta waya.
Mafundi walikuja Novemba, tope magotini,
wakafunga simu yenye rangi ya maziwa yaliyoganda.
Na sasa ampigie nani?
Akanipigia mimi.
"Saa ngapi, dada?"
Fundi saa! Nyuma yake nilizisikia zote zikibishana ukutani.
Nikamjibu. Kila usiku, nikamjibu.

Kisha shirika likauzwa.
Likapata jina fupi, rangi mpya, wakubwa wenye mkalimani.
Sitasema uongo: lilikua.
Lilikua kama unga uliozidishiwa hamira,
likafurika bakuli, likavuka mpaka,
likanunua mashirika ya majirani waliokuwa wakitucheka.
Wajane wa mtaa wa kiwanda cha matofali
walipata simu kwa wiki mbili;
mmoja alilia mbele ya fundi, akampa gongo la plamu.

Sisi wanawake kumi na wawili tulipewa barua na hisa.
Ubao waliuvunja kwa shoka,
maana haukupita mlangoni.
Hisa niliziuza, nikanunua madirisha mawili ya kuzuia baridi.
Ni madirisha mazuri.

Juzi bili ilikosewa, nikapiga.
Sauti ya mwanamke asiyewahi kukohoa:
bonyeza moja, bonyeza nne,
wewe ni wa nane kwenye foleni.
Muziki. Wa saba. Muziki.
Dezső tulikuwa tumemzika zamani, na saa yake ya mfukoni
ikienda, kwa sababu hakuna aliyethubutu kuisimamisha.

Hatimaye kijana. "Nikusaidie nini, mama?"
Bili ikanitoka kichwani.
Nikamuuliza saa ngapi.

Akasita. Nyuma yake nikasikia
sauti mia za vijana zikibishana.
"Saa nne na dakika saba," akasema,
na hakukata.