Mizani ya Changamwe

Tisini na sita nukta nne.
Jana tisini na sita nukta nne.
Juzi vivyo hivyo; leo siku ya kumi na moja
namba imekaa pale pale
kama fundo la uzi lililokataa meno na kucha.

Nimeihamisha mizani kutoka bafuni hadi sebuleni,
kutoka sebuleni hadi ukumbini kwenye saruji.
Nimeipanda na leso, nikaipanda bila leso,
nikavua pete kwa sabuni,
nikavua herini alizoniachia mama,
nikatoa pumzi yote.
Nukta nne.

Wiki ya kwanza kilo zilinitoka
kama waalikwa biriani ikishaliwa.
Ya pili zikaondoka kwa staha, moja moja, zikiaga.
Ya tatu mlango ukafungwa.

Na mimi sili!
Vijiko sita vya mchuzi wa kunde uliochujwa,
nusu yai,
maji funda kwa funda, na si pamoja na chakula.
Tumbo lililokuwa gunia
daktari kalikata, kalishona, limekuwa soksi ya mtoto.
Sasa nyinyi mliobaki humu ndani ya ngozi yangu,
mwala nini?

Chini, wifi yangu Swabra akaanga viazi vya karai.
Harufu ya ukwaju yapanda ngazi bila kubisha hodi,
na sauti yake nyuma yake:
"Kiwanja cha Mtwapa kimeuzwa, mtu kakatwa,
kumbe nauli ilikuwa ya nusu safari."

Miaka kumi na minne nimekaa kibandani Changamwe.
Lori hupanda, mimi husoma, hupiga muhuri.
Hakuna dereva asiyeniapia kuwa mizani yangu ni mwongo,
nami humjibu, sauti kavu:
"Chuma hakina wivu, baba. Shusha mzigo."
Leo asubuhi chuma kilikuwa changu,
na nimekipiga teke. Kidole gumba chaniuma bado.

Mwakio wa Mwatate akaniona nachechemea,
akaniona nanywa maji kwa kijiko cha chai.
Sijui kwa nini nilimwambia yeye,
wa ofisini hawajui hata mmoja.
Hakucheka. Alikuna kidevu.
"Wakumbuka masika ile, katani yangu?
Sikuongeza hata robota moja njiani,
mizani ikasema nimezidi, nikakutukana.
Ukatoka na mwavuli, ukabinya turubai,
maji yakakumwagikia viatuni.
Ukasema: mzigo ni ule ule, Mwakio,
ni mvua iliyodandia lori. Ngojea jua."

Muuguzi Riziki alikwisha kunieleza,
taratibu, kalamu mkononi:
mwili ulioshtuka hushika maji,
wengi hukwama wiki hii hii ya tatu.
Nilitikisa kichwa, sikusikia kitu.
Nilikuwa nangoja nielezwe kwa lugha ya malori.

Usiku usingizi ulinikataa. Nikahesabu kwa vidole
kama alivyonifunza baba, nane, kituo, nane:

*Mizani ikiniganda, si mafuta, ndiyo maji,*
*Ndani chapona kidonda, mwili una mahitaji,*
*Kwa hasira sitakonda, wala kwa uchunguzaji,*
*Ijumaa nitapanda, asubuhi, bila uji.*

Huo wa tatu baba angeufuta.
Nikahesabu tena: nane, nane.
Hakuna kilichopungua wala kuzidi,
na bado kila mstari ulisema lake.

Alfajiri nikaisukuma mizani mvunguni, uso chini.
Nikaosha kunde.
Pete, ile ya sabuni,
ikachomoka yenyewe ikazama karaini,
na nimechelewa kazini nikiitafuta,
punje kwa punje,
Swabra akiniuliza toka chini nacheka nini.