Kilo Mbili na Robo

Nilikipima usiku, ghalani, nikiwa peke yangu:
kilo mbili na robo.
Kurasa elfu moja mia mbili na nne,
na jaladani, kwa dhahabu, neno KAMILI.
Nauli ya kifurushi tu, Dar mpaka Masasi,
ilikula chakula changu cha wiki.

Sura ya kwanza: namna ya kuwasha.
Sura ya pili: picha ya dirisha na mshale mwekundu,
"bonyeza hapa".
Ukurasa wa pili yake dirisha lilelile,
mshale umesogea kidogo. "Sasa bonyeza hapa."
Nikabonyeza. Mwezi mzima nilibonyeza.

Msimu ukafunguliwa. Hokororo akaleta magunia yake,
programu yangu ikajumlisha, ikagoma:
jumla hailingani na stakabadhi.
Kwa macho zililingana, gramu kwa gramu.
Foleni ikafika barabarani.
Mtu akauliza kwa sauti kama tumeanza tena mchezo wa mizani.

Nikakifungua kile kizito. Desimali: mistari minne,
"tazama Sura ya 31".
Sura ya 31: "kama tulivyokwisha kuona".

Somoe, mpimaji wa ubora, kompyuta haijui.
Ana kisu.
Huchota korosho gunia kwa gunia, hukata moja moja,
huhesabu: nzima, iliyooza, ganda tupu.
"Gunia haliongei," aliniambia, "linanenepa tu,"
akaninyooshea kisu, mpini upande wangu.

Basi nikapasua katikati, kurasa ishirini,
nikahesabu kama yeye:
picha kumi na mbili, marudio sita,
"Hongera, umefika mbali!" moja,
kiini kimoja, nacho kimesinyaa.

Jibu lilikuwa kwa Nangumbi, fundi redio wa stendi,
kwenye fotokopi iliyofifia, karatasi tisa:
mashine huhesabu kwa mbilimbili,
sehemu moja ya kumi haiwezi kuigawa ikaisha,
hubaki chembe.
Usiiulize kama zinalingana.
Uliza zimeachana kiasi gani.
Au achana na nukta, hesabu gramu.

Karatasi ya nne ilinichukua siku tatu.
Nilitoka humo nimechoka kama aliyechimba.

Kitabu ninacho bado. Kila asubuhi, kabla ya foleni,
nakilaza juu ya mizani kuihakiki.
Kilo mbili na robo.
Kwa hilo
hakijanidanganya hata siku moja.