Nimehamishiwa Darasa la Kwanza

Barua ilikuja Alhamisi, mhuri wake haujakauka vizuri:
"kuanzia tarehe tajwa hapo juu."
Treni ikanishusha Uvinza saa tisa usiku;
barua ilikuwa imeshanishusha kabla yake.

Miaka kumi na mmoja nimefundisha Historia kidato cha nne,
nikaigawa Afrika kwa rula ubaoni, kama walivyoigawa wenyewe.
Sasa nagawa penseli:
moja kwa watoto wawili, naikata katikati kwa wembe.

Mia na sitini na watatu. Nikawahesabu tena,
wakawa mia na sitini na watano.
Ada imefutwa, jambo jema, sibishi;
mama yangu aliuza migebuka Kibirizi
mpaka harufu ya samaki ikawa harufu ya karo.
Ila aliyefuta ada hakuongeza ukuta.
Waliokosa nafasi husomea dirishani,
na Bitariho wa dirishani ndiye hujibu wa kwanza.

Mtaala mpya tulipewa kwa semina ya siku mbili.
Mwezeshaji akasema "umahiri",
nikaanza kuchora vijistari pembeni ya daftari;
vilipofika arobaini na saba, ikaja soda.
Tukasaini posho ya siku tano.

Nimepewa na kishikwambi. Kioo chake kizuri.
Nakichaji kwa Ruhuza kinyozi, shilingi mia tano,
maana andalio la somo litumwe kabla ya saa mbili
na mtandao unashika juu ya kichuguu tu,
nyuma ya choo cha wavulana.
Huko ndiko utamkuta mwenye shahada,
mkono juu, kama anayeapa.

Wenzangu wa sekondari waliniuliza, wakicheka kwa huruma.
Nyamizi, mke wangu, aliyebaki Tabora, hakuuliza;
alinikunjia suruali ileile ya kazi.

Jana nimemwingiza Bitariho ndani.
Baba yake huchemsha chumvi, naye humsaidia;
vidole vimepasuka, penseli inamchoma.
"a" yake ikaota mkia, ikadondoka nje ya mstari.
Rudia, nikasema. Akarudia.
Rudia.
Akanitazama:
"Eti mwalimu, na wewe ulifeli, wakakurudisha la kwanza?"

Hakuna aliyecheka.
Kimya kile, hata mkaguzi hajawahi kukipata.
Nikatazama kishikwambi: hakina kisanduku cha kujaza swali hilo.
Nikachukua chaki.
Herufi yangu nayo
ikatoka na mkia.